Mlezi Asiye Ndugu Naye Asikilizwe

Matanga yakishaanuliwa, kikao cha ukoo huwa na mambo yaleyale ya kuzungumza: madeni ya marehemu, nani apendekezwe kuwa msimamizi wa mirathi, nyumba ifanywe nini. Mwishoni kabisa, wakati wengine wameshaanza kuulizia basi la mchana, linakuja suala la watoto. Mkubwa ataenda kwa baba mkubwa Morogoro. Wa kike, shangazi amemtaka. Huyu wa mwisho, kwa kuwa bado mdogo, abaki na bibi. Kwa dakika chache maisha ya watoto watatu yamepangwa, bila karatasi na bila wao kuulizwa lolote.

Sisemi hivyo kwa kuubeza utaratibu huu. Ndio uliolea nchi. Ukimwi ulipogundulika Kagera mwaka 1983 na kuanza kuzika watu wazima nyumba kwa nyumba, mzigo wa yatima haukubebwa na vituo. Waliubeba akina bibi, mashangazi, kaka wakubwa ambao wenyewe walikuwa bado watoto, na majirani. Mpaka leo, ukienda shule ya msingi siku ya kikao cha wazazi, utawakuta pale watu wengi ambao si baba wala mama wa mwanafunzi. Mwalimu anawaita walezi na kuendelea na ajenda, hana haja ya kujua mtoto aliwafikiaje.

Shida inaanza siku mtu mwingine anapokuja kumdai yule mtoto. Baba aliyepotea miaka sita anarudi na gari. Upande wa pili wa ukoo unasikia mafao ya marehemu yametoka. Mama aliyeolewa mkoa mwingine anamtaka mwanawe sasa hivi, katikati ya muhula. Mlezi anakimbilia polisi au ofisi ya ustawi wa jamii, na huko swali la kwanza ni moja tu: "Wewe ni nani kwake?"

Swali hilo ndilo ninalotaka tulichambue, kwa sheria ya Tanzania Bara. Hoja yangu ni kwamba ndugu anayelea mtoto ana haki kubwa kuliko anavyodhani, na mlezi asiye ndugu amewekwa mahali finyu pasipo sababu ya maana. La kwanza linahitaji watu waelezwe. La pili linahitaji Bunge.

Tuanze na ndugu. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, katika kifungu cha 37, inasema mzazi, mlezi au ndugu anayemtunza mtoto anaweza kuomba mahakamani akabidhiwe malezi ya mtoto huyo. Hakuna mahali kifungu hicho kinapotaja upande wa baba. Hakitaji ndugu mwanaume wala mkubwa wa ukoo. Kinachomfungulia mtu mlango ni kwamba ana undugu na mtoto, na kwamba anamtunza. Bibi mzaa mama anayeishi na mjukuu wake Mbagala anaingia kwa kifungu hicho akiwa na miguu yote miwili. Baba mkubwa ambaye hajawahi kumnunulia mtoto hata daftari anaanzia mbali zaidi, hata kama kwenye kikao yeye ndiye mwenye sauti nzito.

Kifungu kinachofuata ni cha 38, nacho nadhani ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Mahakama ikimpa mtu mwingine malezi ya mtoto, ndugu aliyekuwa akimlea kabla ya hapo anaweza kuomba amri ya kumwona kwa vipindi. Maana yake bibi aliyeshindwa kesi hajampoteza mjukuu. Anaweza kuomba likizo ya Desemba, au Jumamosi mbili za mwezi, na amri hiyo ikamfunga yule aliyeshinda. Akina bibi wengi hawafiki huko. Wakisikia "mtoto amepewa baba", wanafungasha nguo za mtoto na kukaa kimya, wakiamini kwamba neno la mahakama limemaliza kila kitu.

Kikao cha ukoo nacho kina nafasi yake. Kifungu cha 9 kinasema wazazi wakifariki, majukumu ya mzazi yanaweza kwenda kwa ndugu wa upande wowote au kwa mtu anayemtunza mtoto, kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Hivyo wazee wakikubaliana kwamba mtoto abaki na bibi, wamefanya jambo ambalo sheria inalitambua. Udhaifu wake ni kwamba hauachi kumbukumbu. Miaka mitano baadaye nusu ya waliokuwepo wamefariki, na nusu iliyobaki kila mmoja anakumbuka anavyotaka. Ukurasa mmoja wa daftari wenye tarehe, majina, saini za pande mbili na mhuri wa serikali ya mtaa ungetosha kuzuia ugomvi mwingi ninaousikia.

Lakini kuna jambo inabidi lielezwe polepole, kwa sababu limewachanganya hata watu waliosoma. Haki ya kuomba ni kitu kimoja, kupewa ni kingine. Sheria inapomruhusu shangazi kufungua maombi, haijasema shangazi ni bora kuliko mama. Imesema tu kwamba atasikilizwa. Baada ya hapo mahakama inaacha kuangalia haki za wakubwa na inaanza kumtazama mtoto. Kifungu cha 39 kinaitaka izingatie maslahi ya mtoto na umuhimu wake wa kuwa na mama yake, kisha kinaongeza mengine: umri na jinsia ya mtoto, kwamba ni vyema mtoto awe na wazazi wake isipokuwa kama wanakiuka haki zake mara kwa mara, maoni ya mtoto kama ameyatoa kwa uhuru, kutowatenganisha ndugu wa tumbo moja, na haja ya malezi yasiyokatikakatika. Hilo la mwisho ndilo silaha ya mlezi. Mtoto aliyelala kitanda kilekile, akasoma shule ileile na kuamshwa na sauti ileile kwa miaka mitano ana kitu ambacho mahakama inatakiwa kukipima kabla haijakivunja.

Jambo hilohilo limo kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ila watu wameshika nusu yake tu. Mtaani kila mtu anajua kwamba mtoto chini ya miaka saba ni wa mama. Kifungu cha 125 kinasema ipo dhana ya namna hiyo, na inaweza kupingwa kwa ushahidi. Halafu palepale kinaiambia mahakama itazame ubaya wa kuvuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Sehemu hiyo haijafika mtaani, na ningependa ifike, kwa sababu inamgusa mama na baba kama inavyomgusa bibi.

Sasa niseme kidogo kuhusu mirathi, kwa sababu ugomvi mwingi wa malezi chanzo chake kiko huko. Ndugu akishateuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, mara anaanza kuzungumza kama aliyepewa na watoto. "Mimi ndiye msimamizi, watoto wahamie kwangu." Hapana. Msimamizi wa mirathi kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni na kugawa kinachobaki kwa warithi. Mtoto ni mrithi, hayumo kwenye orodha ya mali. Barua ya usimamizi haimpi mtu uwezo wa kumtoa mtoto kwa anayemlea, na mlezi akionyeshwa barua hiyo mlangoni ana haki ya kusema kwamba haihusu malezi. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nyakati za madai zinajieleza zenyewe. Mtoto anakaa kwa bibi miaka mitatu, hakuna anayeuliza anakula nini. Wiki ambayo mafao ya warithi yanaingia benki, wajomba na akina baba wadogo wanakumbuka damu yao. Hakimu makini huuliza tarehe, na tarehe husema mengi.

Mahari nayo huletwa kama hati ya umiliki. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 ziliwaweka watoto wa ndoa upande wa baba, na vikao vingi bado vinazungumza lugha hiyo: mahari ililipwa, watoto ni wetu. Kusini, kwa Wamakonde na Wayao, na kwa Waluguru wa Morogoro, lugha ni nyingine, mjomba ndiye mwenye neno. Sheria ya Ndoa haijazifuta mila hizi kwenye uamuzi wa malezi. Inaitaka mahakama izitazame, lakini chini ya ustawi wa mtoto. Mila inapogongana na ustawi wake, mila inakaa pembeni. Nadhani huo ni mpangilio sahihi, na ninaamini wazee wengi wakielezwa vizuri wataukubali, kwa kuwa hata katika mila zenyewe mtoto alipelekwa alikotunzwa vizuri kabla ya kupelekwa kwa mwenye haki naye.

Pwani na Visiwani kuna mapokeo mengine. Zanzibar ina sheria yake ya watoto ya mwaka 2011 na mahakama zake za kadhi. Na fikihi ya Kiislamu, kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, ilishapanga kwa karne nyingi nani ana haki ya hadhana, yaani kukaa na mtoto mdogo na kumlea: mama kwanza, na akikosekana, mama yake mama. Bibi mzaa mama anatangulia baba. Mtu akiniambia kwamba kumsikiliza bibi mbele ya baba ni jambo la kigeni, namkumbusha hilo.

Nirudi kwa mlezi aliyefika mahakamani. Anaanza kwa hofu, anadhani kesi ni ya maneno makubwa na wanasheria. Kwa kweli kinachosema zaidi ni kile alichokibeba kwenye mfuko. Kadi ya kliniki yenye uzito wa mtoto mwezi kwa mwezi na tarehe za chanjo, na kila mara aliyempeleka ni yeye. Ripoti za shule, na kwenye nafasi ya saini ya mzazi au mlezi jina lake, muhula hadi muhula. Risiti za sare. Miamala ya simu inayoonyesha nani alituma na nani hakutuma. Daftari la zahanati la siku mtoto alipougua malaria. Barua ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa inayosema tangu lini mtoto anaishi pale. Karatasi hizi zimekunjika na nyingine zina madoa ya mafuta ya taa, ila zinathibitisha kile kinachoulizwa: nani amemlea. Afisa ustawi wa jamii akitumwa na mahakama kufanya uchunguzi nyumbani, atakuta hadithi ileile kwa majirani. Yeyote anayelea mtoto asiye wake wa kumzaa aanze kuzitunza leo, hata kama hakuna ugomvi wowote.

Hapo tumezungumzia ndugu. Asiye ndugu je?

Niweke mfano, ambao nimeutunga ili nisimwanike mtu, ingawa kila aliyepanga nyumba ya vyumba vingi atautambua. Mama mmoja fundi cherehani amepanga Tandika. Chumba cha pili anaishi binti mwenye mtoto wa miezi minane. Binti anapata kazi za ndani Muscat, na kwa kuwa kwao hawaelewani, anamwachia jirani mtoto kwa makubaliano ya mdomo. Miezi ya mwanzo fedha zinakuja. Halafu zinakatika, na namba haipatikani tena. Fundi cherehani hakumpeleka mtoto popote. Alimwachisha ziwa la chupa, akamfundisha kutembea, akamwandikisha shule ya awali, na sasa yuko darasa la kwanza. Kisha anatokea mwanaume anayesema yeye ndiye baba, hana cheti wala hajawahi kuonekana mtaani, na anataka kuondoka na mtoto jioni hiyohiyo.

Huyu mama ana njia gani? Kifungu cha 37 kinamtaja mzazi, naye si mzazi. Kinamtaja ndugu, naye si ndugu. Kinamtaja mlezi, na hapo inategemea mahakama inalisoma neno hilo kwa upana gani: ni yeyote aliyesimama mahali pa mzazi, au ni yule tu aliyeteuliwa rasmi? Haki ya mtoto kubaki na mtu pekee anayemjua haipaswi kutegemea hakimu gani amepangiwa jalada. Sheria ya Ndoa ndiyo inashangaza zaidi. Inasema mtoto awekwe kwa baba au mama, na kama kuna mazingira ya pekee yanayofanya isifae kumpa yeyote kati yao, basi apewe ndugu mwingine au chama ambacho miongoni mwa malengo yake ni ustawi wa watoto. Chama kimetajwa. Taasisi yenye katiba, ofisi na mhuri, ambayo haijawahi kumwona mtoto huyo, imewekewa nafasi kwenye kifungu. Mwanamke aliyemfundisha kutembea hakutajwa.

Zipo njia nyingine, lakini zilijengwa kwa ajili ya hali tofauti. Sheria ya Mtoto inamtambua mtu wa kuaminika, ambaye inamweleza kuwa ni mtu asiye ndugu wa mtoto, mwenye maadili mema, aliyethibitishwa na afisa ustawi wa jamii. Ni mpango mzuri, na familia za kuaminika zimewapokea watoto wengi waliookolewa kwenye ukatili au mitaani. Ila anayeamua kumpeleka mtoto huko ni ustawi na mahakama, pale mtoto anapohitaji ulinzi. Fundi cherehani hajangoja kupelekewa mtoto. Anaye tayari. Malezi ya kambo, yaani kupokea nyumbani kwa muda mtoto wa watu wengine, yanapitia kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na yana taratibu za maombi na ukaguzi ambazo zinafaa kwa anayetaka kuanza kulea. Kuasili kunakwenda Mahakama Kuu na kunakata uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na wazazi waliomzaa. Huyu mama hataki kumfuta binti aliyeko Muscat. Anatamani arudi salama. Anachotaka ni mtoto asinyakuliwe mlangoni na mtu asiyethibitishwa.

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mtu kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kutoka kwa yule mwenye malezi halali. Kwa asiye na amri wala undugu, ulinzi huo ni mgumu kuudai. Ndiyo maana polisi humwambia ni suala la kifamilia, akazungumze na wenzake. Wenzake gani?

Na matokeo yake tunayaona. Mlezi wa namna hii anajifunza kukwepa ofisi. Shuleni anasema mtoto ni wa mdogo wake. Hospitali anasema ni mjukuu. Wengine wanakwenda mbali zaidi na kujiandikisha kama mama kwenye maombi ya cheti cha kuzaliwa, na hapo mtu mwema ametenda kosa la jinai na mtoto amepoteza njia ya kumjua mama yake. Sheria ambayo haina mahali pa kumweka mtu mkweli inamfundisha kusema uongo. Naliona hilo kuwa baya kuliko ugumu wa kesi yenyewe.

Wenzetu wa Kenya waliliona suala hili mapema. Sheria yao ya Watoto ya mwaka 2001 iliorodhesha wanaoweza kupewa malezi: mzazi, mlezi wa kisheria, mtu yeyote anayeomba kwa ridhaa ya mzazi au mlezi na ambaye amekaa na mtoto kwa miezi mitatu kabla ya maombi, na hatimaye mtu yeyote asiyeingia katika makundi hayo lakini anaweza kuonyesha sababu ya kutosha. Sheria mpya, Namba 29 ya mwaka 2022, imeuendeleza mpangilio huo, na imeingiza pia kafaalah, utaratibu wa Kiislamu wa kumchukua mtoto asiye na malezi bila kumbadilisha nasaba. Juu ya yote ipo ibara ya 53 ya Katiba ya 2010, inayosema maslahi ya mtoto ni ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Fundi cherehani wetu angekuwa Likoni badala ya Tandika, angekuwa na mstari wa kuonyesha kwa kidole.

Najua pingamizi, na si dogo. Ukifungua mlango kwa kila mtu, wataingia wanaotaka watoto wa kazi, wataingia wenye fedha wanaomvizia mtoto wa maskini, wataingia wageni. Uganda ililipata hilo kwa uchungu: wageni walikuwa wakiomba ulezi wa kisheria kwenye mahakama zake, kisha wanaondoka na watoto kwenda kuwaasili kwao, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 ili kubana njia hiyo. Na mzazi maskini asiye na kosa lolote naye ana haki ya kutosumbuliwa na jirani anayejiona anajua kulea zaidi. Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 2000, katika kesi ya Troxel na Granville, iliitazama sheria ya jimbo la Washington iliyomruhusu mtu yeyote, wakati wowote, kuomba amri ya kumwona mtoto. Waombaji walikuwa babu na bibi waliofiwa na mwana wao. Mahakama ilisema sheria pana kiasi kile, ilivyotumika kwa mama yule, iliingilia haki yake ya kuamua juu ya malezi ya wanawe, na kwamba mzazi anayefaa anastahili kuaminiwa kwanza.

Naikubali tahadhari hiyo kikamilifu. Umaskini wa mama usiwe sababu ya kumpokonya mtoto, na kifungu chochote kipya kiseme hivyo waziwazi. Lakini tazama kwamba hofu zote hizi zinahusu mtu anayemtaka mtoto ambaye hanaye. Mimi namzungumzia mtu ambaye mtoto ameshakuwa mikononi mwake kwa muda mrefu, tena mzazi akijua au akiwa ametoweka. Tofauti hiyo inaweza kuandikwa kwenye sheria bila shida. Kifungu cha 37 kiongezwe kundi la nne: mtu yeyote ambaye mtoto ameishi naye mfululizo kwa mwaka mmoja au zaidi. Kabla maombi yake hayajasikilizwa, aombe kwanza kibali cha mahakama, na afisa ustawi wa jamii atoe ripoti yake: mtoto alifikaje kwake, anasoma au anafanyishwa kazi, mzazi ametafutwa kwa juhudi gani. Anayelea kwa nia mbaya atakwama hapo. Asiyeishi nchini asihusike na njia hii kabisa. Na amri itakayotolewa iache mlango wazi kwa mama aliyeko mbali kurudi na kuomba ibadilishwe, kwa kuwa malezi si kuasili.

Kuna mtu ambaye nusura nimsahau, kama anavyosahauliwa na wengi: mama wa kambo. Amemkuta mtoto ana miaka miwili, amemlea hadi kumi na moja, mume anafariki, na shemeji zake wanakuja kumchukua mtoto kwa sababu "si wako". Je, yeye ni ndugu kwa ndoa, au ndoa imekufa na mume? Bunge likigusa kifungu hiki, limtaje kwa jina lake, naye baba wa kambo pia.

Gharama zitasemwa. Maafisa ustawi ni wachache, wengine wanahudumia kata nyingi bila hata pikipiki, na ripoti zinachelewa. Ni kweli, na mabadiliko ya sheria bila kuongeza watu hawa yatabaki kwenye karatasi. Hata hivyo si kila kitu kinaanzia sifuri. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na wengi wao wako kwenye kata, wanajulikana na watu. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza mwaka 2023 imepita mikoani na kuonyesha jinsi migogoro ya familia na mirathi ilivyojaa. Dar es Salaam ina kituo jumuishi cha mahakama cha masuala ya familia pale Temeke. Hayo yote yanaweza kumpokea fundi cherehani, kama kutakuwa na kifungu cha kumwandikia maombi.

Na kuna jambo moja ambalo lisingoje Bunge. Kesi za malezi huamuliwa nusu na muda. Anayemshika mtoto wakati kesi inaahirishwa ndiye anayejenga mazoea mapya, na baada ya miezi minane anarudi mahakamani akisema mtoto ameshanizoea mimi. Hivyo baba aliyemnyakua mjukuu kwa bibi mwezi Machi anavuna faida mwezi Novemba kutokana na kitendo kilekile kilichopaswa kumponza. Mahakama za watoto zikiombwa, zitoe amri ya muda mapema, wiki ileile ya maombi, zikimrudisha mtoto pale alipokuwa akiishi kabla ya ugomvi, ila kama kuna hatari ya kweli kwake. Mtoto aendelee na shule yake huku wakubwa wakitoa ushahidi wao, na yeye mwenyewe aitwe faraghani aulizwe anataka kuishi wapi na kwa nini.